Ujira wa Haki na Manung'uniko ya Mfanya Kazi



Mwezi huu twataka kujifunza jambo linalogusa nyumba nyingi za kwetu, nalo ni ujira. Hapa Ibaba, na katika Ileje yote, ni wachache wasioguswa nalo. Mwalimu wa shule na mwuguzi wa zahanati hupokea mshahara wa serikali mwisho wa mwezi. Vijana wengine huteremka Tunduma kupakia na kupakua mizigo ya malori. Wengine hulima ngwe katika shamba la jirani, au huchuma kahawa kwa kuhesabiwa madebe. Tena wengi wetu tu mabwana wa kazi bila kujiita hivyo. Maana yeye amwitaye jirani kumlimia mahindi kwa fedha, au amwekaye msichana nyumbani amtunzie watoto, huyo naye ni mwajiri, na siku ya kulipa yeye ndiye mwamuzi.

Swali letu ni hili: Ni kitu gani kimfanyacho mtu aone kwamba ujira wake ni wa haki, au kwamba amedhulumiwa? Wengi hujibu upesi: ujira mkubwa ni wa haki, ujira mdogo si wa haki. Jibu hili lina kweli ndani yake, lakini halitoshi. Twawajua watu wapokeao kidogo na mioyo yao imetulia. Twawajua na wengine wapokeao kingi, nao hawapati usingizi kwa uchungu. Basi na tulitazame jambo hili taratibu, sehemu kwa sehemu.

1. Mtu hupima ujira wake kwa ujira wa mwenziwe

Kila mwalimu wa dini amefundisha ule mfano wa wakulima katika shamba la mizabibu, ulio katika Mathayo sura ya 20. Na tuutazame leo kwa upande wa wale wa kwanza. Walipatana na mwenye shamba dinari moja kwa siku, nayo ilikuwa ujira wa kawaida wa siku moja. Wakaenda kazini bila neno. Mchana kutwa hatusikii kwamba wamenung'unika, wala kwa jua, wala kwa uzito wa kazi. Manung'uniko yalianza jioni, walipowaona watu wa saa ya mwisho wamelipwa dinari ile ile. Fedha iliyo mkononi mwao haikupungua hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa na kitu cha kuilinganisha nacho.

Mfano ule hasa ni habari ya neema ya Mungu, wala si kanuni ya mishahara, hatutaki kuupotosha. Lakini waonyesha wazi jinsi moyo wa mfanya kazi ulivyo. Tena asije bwana ye yote akautumia kufunika dhuluma yake. Mwenye shamba yule alitimiza mapatano yake yote na wale wa kwanza, akalipa jioni ile ile kama Torati ilivyoagiza, na alipoacha kipimo alikiacha kwa kumzidishia mtu, wala si kwa kumpunja.

Wataalamu wa siku hizi wamelichunguza jambo hili hili. Katika miaka ya 1960 John Stacy Adams, mtaalamu wa mambo ya nafsi huko Marekani, alieleza ya kuwa mfanya kazi hushika kama mizani moyoni. Upande mmoja huweka alichotoa: nguvu zake, saa zake, elimu yake, miaka ya utumishi wake. Upande wa pili huweka alichopata. Kisha huitazama mizani ya mwenziwe. Akiona mwenziwe ametoa sawa naye akapata zaidi, hukasirika. Na mara nyingi huisawazisha mizani mwenyewe, kwa kulegeza kazi, au kwa kuchelewa, au kwa kuondoka, au hata kwa kuiba.

Wazee wa nchi hizi walilijua jambo hili kabla halijaandikwa. Wengi wa Ileje na Rungwe walivuka mpaka kwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko, mwezi wa Machi 1940, wachimbaji Wazungu waligoma kudai nyongeza, wakasikilizwa. Wachimbaji Waafrika, waliofanya kazi pamoja nao chini ya ardhi kwa ujira mdogo sana kuliko wao, waliyaona hayo, wakagoma nao katika Nkana na Mufulira. Hawakusema tu kwamba wana njaa. Walitaka kazi ipimwe: Wazungu wafanye zamu yao peke yao na Waafrika yao peke yao, ndipo ionekane ni nani atoaye mawe mengi zaidi. Maana yake walitaka mizani iwekwe hadharani. Haikuwekwa. Tarehe 3 Aprili 1940 askari walipiga risasi huko Nkana, na watu 17 wakafa. Basi asiseme mtu kwamba manung'uniko ya ujira ni jambo dogo.

2. Mtu hutaka kujua jinsi ilivyoamuliwa

Jambo la pili ni njia. Mtu huuliza, "Nimepata kiasi gani?" Lakini huuliza pia, "Ni nani aliyeamua, kwa kipimo gani, na kwa nini sikuambiwa?"

Katika migodi ile ile, miaka mitano kabla ya hayo, serikali iliongeza kodi ya kichwa kwa watu wa migodini ikafika shilingi 15. Nyongeza yenyewe ilikuwa shilingi chache. Lakini habari hiyo ilitangazwa ghafula mwezi wa Mei 1935, bila watu kuandaliwa wala kuelezwa sababu. Mgomo ulianza Mufulira, ukafika Nkana, kisha Luanshya, na huko Luanshya watu sita waliuawa. Tume iliyochunguza mambo hayo baadaye iliona kwamba namna kodi ile ilivyotangazwa ndiyo iliyowasha moto. Kulikuwa na kuni kavu nyingi kabla yake, yaani ujira mdogo na maisha magumu ya kambini. Lakini kiberiti kilikuwa tangazo lile.

Tuje karibu zaidi. Mwezi wa Mei 2022 serikali ya Tanzania ilitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 23.3, yaani kutoka shilingi 300,000 hata 370,000 kwa mwezi. Watumishi walikuwa wamengoja nyongeza kwa miaka mingi, nao walishangilia. Lakini mwezi wa Julai, hati za mshahara zilipotoka, wengi waliona nyongeza ndogo sana kuliko walivyotazamia, wakalalamika kwa sauti kuu. Serikali ikaeleza kwamba asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, wala si ya kila mtumishi, na kadiri mshahara unavyokuwa mkubwa ndivyo asilimia ya nyongeza inavyopungua.

Tulifikirie jambo hili vizuri. Kumwongezea zaidi aliye chini kuliko aliye juu ni jambo ambalo wengi wangelikubali wakiulizwa. Tena tangazo halikuwa la uongo. Hata hivyo uchungu uliingia, kwa sababu watu walisikia neno moja mwezi wa Mei wakaona jingine mwezi wa Julai, na maelezo yakaja baada ya fedha. Kama yangalitangulia wazi, mwalimu mwenye mshahara wa kati angalijua mapema kiasi atakachopata, wala asingalikopa kwa kutumainia kisichokuwapo. Nyongeza ile ile ingaliweza kupokelewa kwa moyo mwingine.

Jambo hili limepimwa pia kwa hesabu. Mwaka 1990 Jerald Greenberg, mtaalamu wa Marekani, aliandika habari za viwanda vya kampuni moja iliyopata hasara. Katika viwanda viwili mishahara ya wote ilipunguzwa kwa asilimia 15 kwa muda wa majuma kumi. Katika cha tatu haikupunguzwa. Kiwanda kimoja kati ya vile viwili, wakubwa walikaa na wafanya kazi muda mrefu, wakaonyesha hesabu, wakasikitika pamoja nao, wakajibu maswali. Katika kiwanda cha pili waliwaambia kwa maneno machache, mkutano ukafungwa. Upungufu wa fedha ulikuwa sawasawa. Lakini wizi wa mali ya kampuni uliongezeka sana katika kile kiwanda ambacho watu hawakuelezwa, kuliko katika kile walikoelezwa. Na waliojiuzulu walikuwa wengi zaidi huko. Mishahara iliporudishwa, wizi nao ulipungua. Hatusemi kwamba wizi ni halali. Twasema tu kwamba bwana aliyeona uvivu kusema na watu wake kwa saa moja alilipa kwa njia nyingine, na kwa gharama kubwa zaidi.

3. Maneno mazuri hayawi badala ya chakula

Hapa yatupasa kujihadhari. Mtu aweza kusoma sehemu ya pili akasema, "Vema, nitawaeleza watu wangu kwa upole, kisha nitawalipa kidogo kama zamani." Huyo hakuielewa. Maelezo ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni fedha yenyewe. Mtoto mwenye njaa hashibi kwa kuonyeshwa hesabu.

Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea kwa njia ya reli hata bara. Tangu siku za vita bei za chakula na nguo zilikuwa zimepanda, na ujira haukuzifuata. Watu hao hawakutaka maneno. Walitaka ujira utoshao kula. Mwisho mambo yao yaliamuliwa na baraza, na mishahara ikapandishwa.

Tena maneno hupata nguvu pale msemaji mwenyewe abebapo sehemu ya mzigo. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, mojawapo likiwa kwamba watapokea asilimia 40 tu ya mshahara wao katika muda wa utumishi huo. Rais Julius Nyerere aliwafukuza chuoni zaidi ya 300. Lakini siku hiyo hiyo alikiri kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini, akapunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Azimio la Arusha la 1967 likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili. Watu wamebishana mengi juu ya siasa za siku zile. Lakini hili hawakuweza kulikana, ya kuwa aliyewaambia wengine wajinyime alianza na mfuko wake.

4. Sheria ya nchi yasemaje?

Wengi wa ndugu zetu hudhani ujira ni hiari ya bwana tu. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, yamwagiza mwajiri ampe mfanya kazi wake kwa maandishi masharti ya kazi, pamoja na ujira na namna unavyohesabiwa. Na kama mfanya kazi hafahamu maandishi hayo, mwajiri yampasa kuhakikisha ameelezwa kwa njia atakayoifahamu. Angalieni, ndugu: kueleza si fadhili ya bwana mwema tu, ni wajibu wa sheria.

Sheria hiyo yataka pia malipo yafanyike siku iliyopatanwa, pamoja na hati ionyeshayo hesabu yake. Kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa juma, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Mwanamume na mwanamke wafanyao kazi zenye thamani sawa walipwe sawa. Mfanya kazi akiharibu kitu, bwana asimkate ujira hivi hivi; sharti amweleze kwa maandishi sababu na kiasi, ampe nafasi ya kujitetea, wapatane kwa maandishi, na makato hayo yasizidi robo ya ujira. Hapa napo twaona fundisho lile lile: kabla ya kukata, eleza, kabla ya kuamua, sikiliza.

Kuna na kima cha chini katika kazi za watu binafsi, nacho hutofautiana kazi kwa kazi. Katika amri iliyoanza tarehe 1 Januari 2023, kima cha kazi za kilimo kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Amri nyingine, iliyokipandisha, ilianza tarehe 1 Januari 2026. Na mtu aliyedhulumiwa aweza kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Shauri la kuachishwa kazi lipelekwe kabla ya siku 30 kupita, na mengine, kama ya ujira, kabla ya siku 60. Anayengoja mwaka mzima akinung'unika nyumbani huenda akakuta mlango umefungwa.

5. Yatupasayo sisi wenyewe

Ni rahisi kuwahukumu wenye migodi na wenye viwanda. Lakini na tujitazame sisi hapa nyumbani. Wakulima wetu wa milimani hulalamika sana juu ya lumbesa, lile gunia la viazi lishindiliwalo na kuongezwa kilemba, kisha kununuliwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo imeikataza, nasi twasema kweli kwamba ni dhuluma. Lakini je, siku ya kuchuma kahawa, debe la kibarua wetu twalipimaje? Tukimtaka alijaze hata punje zimwagike ndipo tumhesabie moja, tumemfanyia lumbesa yetu wenyewe. Na ngwe je? Mwenye shamba mrefu akipima kwa hatua zake, kibarua hayupo, kisha akasema, "Hii ndiyo ngwe ya kila siku," ni nani atakayemsadiki?

Kwa hiyo, wewe umwitaye mtu kazini, mambo manne yakutosha. Kwanza, patana naye kabla jembe halijagusa udongo: kazi ipi, kipimo kipi, fedha ngapi, na siku gani ya kulipa. Pili, kipimo kiwe kimoja kwa wote, na kipimwe yeye akiona. Ukiwa na sababu ya kumlipa mwingine zaidi, kwa kuwa ana ustadi au amekutumikia miaka mingi, iseme sababu hiyo waziwazi. Sababu inayofichwa hugeuka kuwa upendeleo machoni pa watu, hata kama ni njema. Tatu, lipa siku uliyoitaja. Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Kumwambia mtu "njoo kesho" mara tatu ni kumwongezea kazi ambayo hukumlipa. Nne, ikiwa huwezi kulipa kwa sababu mvua zimekosekana au bei imeanguka, mwendee wewe kwanza, umweleze, mpange siku mpya. Usingoje akufuate njiani mbele ya watu.

Nawe ufanyaye kazi, una wajibu wako. Uliza kabla ya kuanza, maana aonaye haya kuuliza ujira asubuhi huona uchungu jioni. Soma hati yako ya mshahara mstari kwa mstari, ujue kilichokatwa na kilikokwenda. Unapojilinganisha na mwenzio, tazama mizani yote miwili: usione fedha zake tu, bali na saa zake, na mzigo wake, na miaka yake. Ukikuta kwamba umepunjwa kweli, usilipe kisasi kwa uvivu wala kwa kuchukua kisicho chako. Sema kwa adabu na kwa ushahidi, peke yako au pamoja na wenzako katika chama cha wafanyakazi, na ikibidi mbele ya tume. Kunyamaza na kuchukia hakumfundishi bwana lo lote.

Na wazee wa usharika wasilisahau hili: kanisa nalo huajiri. Mlinzi, mpishi wa semina, fundi wa paa, wote watuangalia siku ya malipo. Haifai kumwambia fundi, "Hii ni kazi ya Bwana," baada ya kupatana naye bei. Atakaye kutoa nguvu zake bure na aulizwe kwanza, akubali kwa hiari yake. Asilazimishwe baadaye kwa maneno matakatifu.

Basi, ndugu, fundisho letu laweza kushikwa kwa maneno machache. Mfanya kazi hutaka ujira umtoshao. Hutaka kipimo kimoja kwake na kwa mwenziwe. Na hutaka aelezwe na asikilizwe kama mtu. Ukimnyima la kwanza, atakuwa na njaa. Ukimnyima la pili, atakuwa na uchungu. Ukimnyima la tatu, hata ukimlipa vizuri hatakuamini.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Wale wafanya kazi wa kwanza katika mfano wa Mathayo 20 walianza kunung'unika wakati gani, na kwa nini si mapema?

2. Nyongeza ya mwaka 2022 ilikuwa na kusudi la kuwainua walio chini. Kwa nini wengi waliipokea kwa uchungu? Ninyi mngeitangazaje?

3. Katika kijiji chenu ngwe hupimwaje, na debe hupimwaje? Je, kibarua huwapo wakati wa kupima?

4. Je, kuna mtu anayekudai ujira hata leo? Utamlipa siku gani, na umekwisha kumwambia?